Ngazi ya Inchi Tano na Nusu

Kwa miaka thelathini na mitano Esnath aliishi ghorofani, katika nyumba ya zamani inayotazama uwanja wa soko la Tukuyu, bila kukanyaga ngazi ya mbele hata mara moja. Hakuna aliyemkataza. Ngazi ya mbele ilikuwa ya baba mkwe, na Esnath alikuwa mkamwana mwenye adabu. Kwa Wanyakyusa wa umri wake hapo maelezo yamekwisha. Ila kwa kuwa dunia imejaa watu wa umri mwingine, yaendelee kidogo.

Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1934 na Mhindi mmoja aliyeitwa Jivraj, muuza vitambaa na chumvi, mtu mrefu aliyemwamini Mungu na kuishuku ardhi. Alikuwa amekwisha kuona tetemeko likilaza ukuta wa jirani yake chali, akaapa wa kwake hautalala. Msingi akaweka mawe meusi ya mlimani. Chini, palipokuwa duka, akajenga kwa matofali ya kuchoma, unene wa mkono mzima. Juu akaweka mbao tupu, kwa hoja kwamba ukuta wa mbao ukitikiswa hucheza, wa tofali ukitikiswa hukasirika. Paa la bati likasimamishwa wima, maana mvua ya Tukuyu ukiikaribisha ikae kidogo hukaa mpaka Juni. Mbele, juu ya mlango wa duka, ikatokeza roshani yenye nakshi za maua ambayo hakuna mtu wa Rungwe aliyewahi kuyaona yakiota. Ndani ikapanda ngazi moja: vidato kumi na vinane, kila kidato inchi saba na kitu, kwa kipimo cha miguu ya mwenye nyumba.

Seremala wa kazi hiyo yote alikuwa Enosi, kijana wa Suma, aliyefika na randa moja na msumeno wa kuazima. Kazi ilipokwisha Jivraj hakumwacha aende. Mbao katika mvua hii, alisema, ni kama mtoto mchanga: ukigeuka tu, imelowa. Enosi akabaki kuitunza nyumba. Jivraj alipohamishia familia yake Mbeya, Enosi akapandisha ghorofani kitanda chake, mkewe na mwanawe Obed. Miaka ikapita, nyumba ikawa mali ya umma, na chini likafunguliwa duka la ushirika ambalo kwa muda mrefu liliuza kwa uhakika bidhaa moja tu, majani ya chai, kwa watu waliokuwa wakiyachuma wenyewe. Wenye nyumba walikuja na kupita. Enosi hakuhesabiwa miongoni mwao wala miongoni mwa wapangaji. Alihesabiwa pamoja na mbao.

Lakini kabla ya hayo, mwaka 1959, Obed akaoa. Bibi harusi alikuwa Esnath, binti wa Lufingo, miaka kumi na tisa, mfupi, mwenye mwendo wa haraka.

Sasa, desturi inaitwa kutila, yaani kuogopa, ingawa ndani yake hakuna woga mkubwa kuliko ule wa mtu anayeingia kanisani na viatu vya matope. Mkamwana na baba mkwe hawaonani uso. Hawasemezani. Akimkuta njiani, mkamwana huacha njia, hujifunika kanga na kuigeukia migomba mpaka mzee apite. Wachungaji walikwisha kuilegeza desturi hiyo, na vijana wakaja kumalizia. Lakini mama yake Esnath hakuwa mchungaji wala kijana. Kijijini jambo ni jepesi: nyumba ya mkwe iko kule, ya mwana iko huku, katikati kuna migomba. Alipoonyeshwa ghorofa yenye ngazi moja, mama yule aliitazama kuanzia chini hadi juu, kwa utulivu, kama mtu anayetazama ng'ombe wa mahari aliyekonda.

“Nyumba hii haina adabu,” akasema, na akamshika bintiye mkono warudi Lufingo.

Wazee wa pande zote mbili wakasihi. Mwishowe bibi harusi akapelekwa kukaa kwa shangazi yake Obed, nyuma ya soko, na kila asubuhi alikuja uani kwa Enosi kuchota maji kwenye pipa la mvua, uso ndani ya kanga, akiacha nyayo kwenye matope. Enosi, kwa adabu hiyohiyo, alijifungia ghorofani mpaka maji yachotwe. Wiki ya tatu ilipotimia, nyuma ya nyumba palikuwa na ngazi ya pili, ya nje, ikipanda kutoka uani moja kwa moja hadi chumba cha mwisho. Ilikuwa na vidato ishirini na vinne na mkono wa kushikia uliopigwa msasa mpaka ukawa laini kama kibuyu cha maziwa. Mama wa Lufingo akaikagua. Akakubali. Shuleni mwanangu aliishia darasa la nne, alipenda kusema baadaye, lakini kwa mkwe anapanda vidato ishirini na vinne kila siku.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Chumba cha mbele, chenye roshani, kilikuwa cha mzee, ambaye mkewe alikwisha kufariki. Cha nyuma kilikuwa cha Obed na Esnath. Katikati palikuwa na chumba kimoja chenye milango miwili, nacho kilifanya kazi ya posta. Esnath aliingia kwa mlango wake, akaweka chakula mezani, akagonga ukuta mara mbili, akatoka na kufunga. Ndipo mzee aliingia kwa mlango wa pili. Sahani zilirudi kwa njia hiyohiyo, na siku nyingine zilirudi na kitu juu yake: mwiko mpya, kigoda cha jikoni, mara moja kitanda cha mtoto kisicho na msumari hata mmoja, siku ambayo Esnath mwenyewe alikuwa hajamwambia mtu kuwa ana mimba ya Neema.

Palipohitajika maneno, waliiambia nyumba. Kwa kuwa mkwe hasemezwi, mtu huzungumza na kitu kilicho karibu, na aliyeko upande wa pili akisikia, basi kasikia kwa bahati.

“Wewe nyumba,” mzee angesema kutoka upande wake, “leo uji umezidi chumvi.”

“Nyumba,” Esnath angejibu kutoka upande wake, “mwambie anayelalamika kwamba chumvi imepatikana leo baada ya wiki tatu, na aliyepika alikuwa na furaha.”

Nyumba ilifikisha kila kitu kama ilivyopewa. Si kila mshenga ana sifa hiyo.

Mwaka 1981 Obed, dereva wa lori la majani mabichi ya chai, alifariki kwa homa ya siku nne. Matanga yalipokwisha, kaka yake Esnath akaja kutoka Lufingo kumchukua dada yake. Alimkuta jikoni.

“Jiandae, dada. Neema kaolewa. Hapa umebaki na nani?”

“Nani atampikia?” Esnath akauliza, akiendelea kumenya ndizi.

Kaka akangoja ndizi ziive, akala, akaondoka. Lakini kutoka siku ile mkono wa ngazi ya nyuma ulianza kupigwa msasa kila mwezi, saa ambazo Esnath alikuwa sokoni akiuza mtindi. Alirudi akaukuta na vumbi jipya la mbao. Mwaka 1990 macho ya mzee yalipozimika kabisa, watu walidhani kazi hiyo imekwisha. Ikawa inafanyika vizuri zaidi.

Palikuwa na shida moja tu, nayo ilikuwa ya lugha. Mzee alibatizwa Enosi, lakini mama yake, ambaye alikuwa amezika watoto watatu kabla ya kumpata, alimwita Ndaga, na ndilo jina lililoshika. Ndaga kwa Kinyakyusa ni asante. Na mkamwana hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Wanawake wengine hupata wakwe wenye jina la ndege au la mti, wakatafuta neno la pembeni, maisha yakaendelea. Esnath alinyang'anywa shukrani. Tangu siku ya ndoa yake hakumshukuru mtu kwa lugha ya mama yake. Alisema “asante”, kwa Kiswahili, hata kwa bibi vizee wa Lufingo waliomletea maboga, na soko zima likahitimisha kwamba ghorofa imempanda kichwani.

“Asante, asante,” Felista wa ndizi, rafiki yake wa meza ya jirani, alikuwa akimwigiza. “Kama karani wa boma. Siku moja utatudai risiti.”

Mwaka 1994 kila kitu kilikuwa ruksa. Sabuni zilizokuwa zikipangiwa foleni sasa zilipangwa zenyewe, za rangi nne, zikimngoja mtu. Nguo za wafu wa Ulaya zilimwagwa uwanjani kila Alhamisi, na vijana waliokuwa na ndizi na heshima sasa walikuwa na redio kaseti. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa muda mrefu, na majani yake ya mwisho ya chai yakiwa ndani. Nyumba ikatangazwa kuuzwa, ikanunuliwa, na mwezi Juni mvua ilipopungua akafika mnunuzi.

Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye koti la ngozi na gari lililochoka. Alimkuta Esnath uani, Felista yuko mlangoni anasubiri chupa zake za mtindi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ndiye wewe mwenye nyumba?”

“Ndivyo karatasi inavyosema. Naitwa Shukrani, wa Kyimo.”

Esnath akalipima jina hilo. Lilikuwa na maana ileile, na hakuna aliyemzuia kulitamka. Mungu ana utani wake.

“Karibu, Shukrani.”

“Mama, kwanza nikutoe wasiwasi. Sijaja kumfukuza mtu. Wewe na mzee kaeni huko juu mpaka Mungu apange vingine. Mimi nataka chini na ua huu, niweke stoo ya bidhaa. Tatizo langu ni moja.” Akaigeukia ngazi ya nyuma. “Hii. Lori likiingia kwa kinyumenyume halipiti. Itabidi itoke.”

Esnath akaitua ndoo.

“Ngazi ya ndani si ipo?” akaendelea Shukrani.

“Ipo.”

“Basi.”

“Ile ni ya mzee.”

“Mama, mzee si haoni? Nimeambiwa macho yamekwenda mwaka wa nne huu.”

“Yeye haoni,” Esnath akasema. “Mimi naona.”

Shukrani akacheka, si kwa ubaya. “Naijua kutila, mama, usinione na koti hili. Mama yangu alitila. Babu akishaweka kiti mlangoni kuota jua, mama hawezi kupita kwenda jikoni, sisi tunashinda njaa. Babu alipenda jua kweli.”

“Na ulikua,” Felista akasema kutoka mlangoni. “Tena umenenepa.”

“Nilikua, mama mdogo. Ndiyo maana leo nina lori.” Akaigonga nguzo ya ngazi kwa kiganja, akashangaa kidogo ilivyokuwa imara. “Nawapa wiki. Nitamleta fundi.”

Alipoondoka, Esnath alipanda vidato vyake ishirini na vinne na kuketi juu kabisa, mahali anapoketi kuchambua maharage. Hakuwa na maharage. Hesabu yake ilikuwa fupi. Ngazi ikitoka, atalazimika kutumia ya mzee, kila siku, na ndoo, na siku moja watakutana katikati yake, pasipo na migomba ya kugeukia. Akikataa kuitumia, itabidi arudi Lufingo. Akirudi Lufingo, mtu wa miaka themanini na mbili atapikiwa na nani, na nani ataiambia nyumba kama uji umeungua.

“Nyumba,” akasema mwishowe, “mwambie mwenzio kwamba mwenye mali amekuja. Anataka kuondoa ngazi ya nyuma.”

Kisha, kutoka mbele:

“Nyumba, mimi nimesikia. Mwambie mama Neema aweke chumvi kidogo leo.”

Wiki ilipokwisha fundi akafika. Aliitwa Amoni, mtu wa makamo, mwenye penseli sikioni na digrii moja zaidi ya kujiamini kuliko kazi ilivyohitaji. Akavuta futi kamba kwenye ngazi ya nyuma, akaandika. Akaingia ndani akapima ya mbele, akaandika. Akarudi uani akitikisa kichwa.

“Mama, hii ngazi alijenga nani?”

“Kwa nini?”

“Aliyejenga alikuwa anajifunza. Angalia. Ya mbele inchi saba na kitu kila kidato, kama inavyotakiwa. Hii tano na nusu. Zote zinafika palepale, lakini huyu katumia vidato sita vya ziada. Mbao kazitupa bure. Hii ni ngazi ya kuku.”

“Wewe umeona kuku wangapi wanapanda na ndoo mbili?”

“Nasema kitaalamu, mama.”

“Sema kitaalamu ukiwa mbali na masufuria yangu.”

Lakini neno lilimkaa. Esnath hakuwa amewahi kujua kwamba ngazi hutofautiana. Tukuyu haina maghorofa ya kumfundisha mtu, na ile moja aliyoishi ndani yake aliijua kwa upande mmoja tu. Aliamini kidato ni kidato, kama kilo ilivyo kilo. Vidato vya boma vilikuwa vikimpiga vidoleni kila alipokwenda, na vya hospitali vilevile. Alidhani ni desturi ya serikali.

Alasiri, soko lilipoanza kupungua na Amoni akiwa dukani anakagua boriti za dari, Esnath alifanya uamuzi. Kama ni lazima ajifunze ngazi ya mbele, bora ajifunze sasa, kabla mlango wa nyuma haujawa dirisha. Alipita dukani, mahali ambapo hajawahi kupita kwenda juu, akajifunika kanga, akasimama chini ya ngazi.

“Nyumba,” akasema kwa sauti, “mwambie mzee asitoke chumbani. Kuna mtu anajaribu ngazi yake.”

Juu, mlango ukafungwa taratibu. Mzee naye akawa amejifunika, kwa mlango.

Esnath akapanda kidato cha kwanza. Cha pili. Cha tatu mguu wake ukatua mahali ambapo kwa miaka thelathini na mitano pamekuwa na ubao, na ubao haukuwapo. Ulikuwa juu zaidi. Akajikwaa, goti likapiga kwenye kona ya mbao, akashika ukuta. Akajaribu tena. Miguu ilimkataa kama punda. Kidato cha saba akaanguka kitako, kanga ikamtoka kichwani, na sufuria tupu aliyoishika kwa mazoezi ikateremka peke yake hadi chini ikitangaza habari.

Amoni akatokeza kichwa dukani. “Mama, pole.”

“Asante. Kaa hukohuko.”

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango wa juu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejifunza Kiswahili utu uzimani na hajawahi kuona sababu ya kuibebea herufi ya r.

“Wewe nyumba. Mwambie mama Neema asinyanyue mguu kama wa huko nyuma. Hii ya mbele ni ya Muhindi. Alikuwa mlefu. Ya nyuma ni ya mguu wake.”

Amoni, mwenye sufuria mkononi, alisimama.

“Mwambie,” sauti ikaendelea, kwa kirefu kuliko ilivyowahi kusema kwa siku moja, “wakati ule alikuwa anakuja kuchota maji, anaacha nyayo kwenye matope. Akishaondoka mimi nashuka na kijiti. Napima unyayo. Napima kutoka huu hadi ule, akiwa na ndoo tupu, akiwa na ndoo imejaa. Ndoo ikijaa hatua inakuwa fupi sana. Siwezi kumuuliza mtu ambaye sisemi naye. Nikasema, basi, matope yatasema. Kutoka hatua napiga hesabu ya kimo cha kidato, na ilipofika asubuhi ya kumi namba ikawa ileile. Tano na nusu. Hiyo ndiyo habali yake, nyumba. Fundi aliye huko chini anaweza kuandika.”

Amoni akaitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

Esnath alibaki ameketi kwenye kidato cha saba cha Mhindi. Alikuwa na jambo la kusema, na alijua ni lipi, akafungua kinywa. Asante. Lakini asante ni neno analompa mtu aliyemrudishia chenji, na mpita njia aliyemwonyesha gari la Mbeya. Lilipofika mdomoni likaonekana dogo, kama kuvisha ng'ombe shati la mtoto. Lile lingine, lile la kwao, lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe yuko nyuma ya mlango. Akajifunika kanga, akashuka kwa kuketi, kidato kwa kidato, kama mtoto.

Jioni hiyo uji ulikwenda chumba cha katikati bila neno, ukarudi bakuli tupu.

Shukrani alipofika kesho yake kuona kazi ilipofikia, alikuta ngazi imesimama vilevile na fundi wake amechuchumaa uani akichora kwenye kipande cha boksi.

“Amoni, hujaanza?”

“Bosi, lori lako linahitaji futi ngapi pale?”

“Kumi.”

“Ngazi ikigeuka pale katikati, ikateremka ikifuata ukuta badala ya kutokeza uani, unapata kumi na moja. Vidato kumi vya chini vinatoka, vinarudi kwa pembeni. Kwenye kona naweka jukwaa dogo, mtu apumzike.”

“Jana si ulisema ni ngazi ya kuku?”

“Jana nilikuwa najifunza,” Amoni akasema.

Felista, aliyekuwa amekuja kuchukua mtindi na kuchukua muda, alicheka mpaka akaegemea pipa. Ndipo Shukrani akadai aelezwe, na Felista akamweleza, akiongeza hapa na pale, kwani naye hakuwepo. Shukrani alisikiliza akiwa ameshika nguzo ya ngazi. Akaitazama kuanzia chini hadi juu kama mama wa Lufingo alivyofanya zamani.

“Wazee nyie,” akasema. “Mnanyimana uso, mnapeana mbao.” Kisha kwa Amoni: “Kumi na moja una uhakika?”

“Kumi na moja na inchi mbili.”

“Geuza.”

Amoni akanyanyua futi kamba kuchukua vipimo vya vidato vipya. Kabla hajaandika, dirisha la chumba cha katikati, linalochungulia uani, likafunguka kidogo, na Esnath, aliyekuwa kwenye pipa, akawahi kuugeukia ukuta na kujifunika.

“Wewe nyumba,” sauti ikasema. “Mwambie fundi asiandike namba ya zamani. Ile ilikuwa ya binti wa miaka kumi na tisa. Apime tena.”

“Nipime na nini, mzee?” Amoni akauliza, kwa kuwa yeye hakuwa mkwe wa mtu pale.

“Matope yapo.”

Yalikuwapo. Tukuyu huwa yapo. Basi kwa asubuhi nne Esnath alichota maji akiwa na ndoo tupu na ndoo imejaa, akijifanya hajui, na baada yake Amoni alishuka na kijiti, akijifanya hajui kwamba anajua. Asubuhi ya nne Amoni alipiga ripoti dirishani: hatua imepungua. Kidato sasa ni inchi tano kamili. Mzee akasema ni sawa, goti la kushoto la mama Neema alikwisha kulisikia tangu mwaka juzi.

Vidato kumi vya chini vikatoka, vikarudi kumi na kimoja. Mzee alisimamia kazi yote kutoka dirishani, kwa masikio, siku ambazo Esnath yuko sokoni. Aligonga fremu ya dirisha mara moja kama msumari umekwenda wima na mara mbili kama umepinda. Amoni alisema baadaye kwamba hajawahi kufanya kazi chini ya mtu mkali hivyo, na kwamba ubao wa kumi alitakiwa aupige randa mara tatu, na mara zote tatu mzee alikuwa na haki.

Ngazi ilikamilika siku ya Jumamosi. Lori la Shukrani liliingia kinyumenyume, likashusha maboksi, likatoka bila kugusa kitu, na Shukrani akapiga honi kama mtu aliyejenga yeye. Uani pakatulia.

Esnath alirudi kutoka sokoni na ndoo mbili za maji. Alisimama mbele ya kidato kipya, mbao zikiwa bado na harufu. Hakutazama miguu. Akapanda kumi na kimoja, akafika kwenye jukwaa, akatua ndoo, akapumua, kwa kuwa sasa palikuwa na mahali pa kupumulia. Akazichukua, akapanda vile vya zamani. Miguu haikuuliza kitu. Mahali pa zamani na papya palikutana chini yake bila yeye kujua ni wapi.

Alipotua ndoo juu, ukuta ukasema:

“Ishilini na tano. Nyumba, amefika.”

Esnath alisimama mlangoni pa chumba chake. Soko lilikuwa linafunga. Huko mbele Felista alikuwa akimtukana mtu kwa upendo kuhusu mkungu wa ndizi. Angeweza kusema “nyumba, mwambie”. Alikuwa amelisema mara elfu.

“Ndaga,” akasema.

Halikuwa na “nyumba” mbele yake. Lilikwenda lenyewe, likapita chumba cha katikati na milango yake miwili, likafika.

Nyuma ya ukuta fimbo ilisogea, ikaachwa.

“Ee,” mzee akajibu.

Ee ni jibu la mtu aliyeshukuriwa. Ni jibu pia la mtu aliyeitwa kwa jina lake. Nyumba, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa baina yao, haikufafanua, na hakuna aliyeiuliza. Esnath akaingia kuwasha moto, na jioni ile aliweka chumvi kadiri alivyopenda.